Sadaka Niliyoikataa

Yaya, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa kwetu Fizi, ndiye aliyenifundisha kuimba. Wakati wa kupalilia mihogo alianzisha wimbo akiwa mwisho mmoja wa shamba, na mimi, mtoto wa miaka sita, nikamwitikia kutoka upande wa pili. Mama yetu alipokufa akanilea yeye, na vita vilipotutoa alinishika mkono mpaka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Hakuolewa. Walipomuuliza alisema ana mtoto mmoja tayari, akinionyesha mimi, na mimi nimekwisha kuota ndevu.

Hapa kambini alikaanga mikate ya mafuta kando ya soko, pale waendesha kabaza wanaposubiria abiria na baiskeli zao. Kutwa nzima ameinama juu ya moto wa kuni. Kwa mikate hiyo nilikula, nikasoma, na kinanda cha kwaya yetu kikanunuliwa. Jumapili alivaa inifome ya bluu, akasimama safu ya mbele na kuimba sauti ya kwanza, mpaka wapita njia wakasimama kwenye dirisha letu lisilo na kioo wamsikilize.

Nilipochaguliwa kuwa mwalimu wa kwaya nilikuwa mkali. Neno langu lilikuwa moja: Mungu hapewi mabaki. Aliyechelewa mazoezi alikaa chini. Aliyekosea alirudia peke yake mbele ya wenzake. Niliwakumbusha habari za wale watu wa zamani waliompelekea Mungu kondoo kilema, naye akachukizwa. Hata leo sijui kama lilikuwa neno baya.

Moshi ukamwingia Yaya kifuani. Alikohoa masika mawili. Daktari wa Lilongwe alimpa dawa, akamwambia akae mbali na moto. Yaya alicheka tu. Kikohozi kilipoisha, sauti haikurudi. Kilichobaki kilikuwa kama mlango wa bati unaoburutwa juu ya simenti. Mwenyewe hakuonekana kujali. Aliendelea kusimama mbele, macho amefumba, uso umeinuliwa. Mimi niliona aibu.

Ndipo kanisa moja kubwa la Lilongwe, karibu na maofisi ya serikali ya Capital Hill, likatualika kuimba kwenye ibada ya shukrani. Tulifanya mazoezi wiki sita. Vibali vya kutoka kambini vikaombwa, nami nikapeleka orodha ya majina. La Yaya sikuliandika. Wala sikumwambia.

Jumamosi mchana nilimkuta anapiga inifome pasi ya makaa. Kola alikuwa ameishona upya.

"Mudogo wangu, kesho tunatoka saa ngapi?"

Nilibaki mlangoni. "Yaya, we hautaenda."

"Kibali kilikosekana?"

Ningeweza kusema ndiyo, ikaishia hapo. Lakini nilijiona mtu wa kweli.

"Hapana. Ni sauti. Inaharibu ya bengine. Unajua mi nasema siku zote, Mungu tunamupa yenye iko muzuri kabisa."

Aliiweka pasi pembeni taratibu, asije akaunguza kitambaa.

"Njo hii yenye nilibakia nayo," akasema. "Ingine sina."

"Najua, Yaya."

"Basi muende salama. Muimbe vizuri."

Tuliimba vizuri. Kanisa lile lina vigae sakafuni na vipaza sauti kila pembe. Watumishi wa serikali waliovaa suti walisimama wakapiga makofi, na mchungaji wao akasema zikomo mara tatu kwa kukosa shukrani nyingine. Kwenye minibasi ya kurudi wenzangu waliimba njia nzima, na mimi nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi maishani. Hilo silifichi.

Yaya alinipikia nsima na dagaa, akataka nimhadithie yote. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma. Ulipoanza ule wimbo wa kanisa zima, ambao hata wasiojua kuimba wanauimba, nilimtazama. Midomo ilikuwa imefungwa. Ikawa hivyo kila Jumapili. Inifome alimpa binti mmoja Mrundi, akampunguzia kiuno kwa mkono wake mwenyewe.

Nilijua nimemkosea, lakini kumwomba msamaha nikaahirisha. Nilisema nitaongea naye baada ya Pasaka, kisha baada ya mavuno. Kisha kifua kikamzidi, akalazwa kwenye zahanati ya kambi. Siku ya tatu nilipiga magoti kando ya kitanda.

"Yaya, unisamehe. Nilikosea. Ilifaa nikuache uimbe."

Alinitazama kwa mshangao, kama ninayemwomba radhi kwa kosa la jirani.

"Ulikosea nini? Ulisema kweli. Mi mwenyewe nilisikia vile iko mubaya. Nilinyamaza nisimuchukize Mungu."

"Mungu hachukizwi na we, Yaya."

"We njo ulitufundisha vile," akasema, akafumba macho kwa kuchoka.

Nilitaka anikasirikie. Nilitaka anitukane kama alivyonitukana utotoni nilipomwaga maji. Nilisema maneno mengi, yote ya kweli, na hakuna hata moja lililomwingia. Kesho yake mchana alikufa.

Kwaya iliimba makaburini. Niliinua mkono kuwaanzishia, sauti zikatoka safi, kila moja mahali pake, na sijawahi kuisikia kwaya ile ikiwa tupu namna hiyo. Bado naifundisha kwa kuwa hakuna mwingine. Mchungaji ananiambia Mungu amekwisha kunisamehe, na pengine ni kweli. Lakini mwanamke aliyenipa kila alichokuwa nacho alimaliza miezi yake ya mwisho kanisani akiwa bubu, akiamini Mungu hataki kumsikia, na aliyemwaminisha hivyo ni mimi. Naomba kila siku nijue kama huko aliko ameambiwa vingine. Sijapata jibu.