Kuku Mwenye Uzi Mguuni

Mama mkwe wangu hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, nami niliolewa kwake, kijiji cha Buger, nikiwa na cheti cha kidato cha nne ndani ya bahasha ya plastiki. Nayasema haya mapema ili ieleweke nani alimfundisha nani.

Binti yangu alikuwa na mwaka na mwezi mmoja, na bado hajasimama. Kliniki, nesi alimning'iniza kwenye mizani, akatia nukta kwenye kadi, akaniita nisogee nione. Mstari ulikuwa unateremka kwa mwezi wa tatu mfululizo. Akauliza tunampa nini. Nikasema uji wa mahindi.

"Mnafuga kuku?"

"Tunao kumi na moja."

"Mayai yanakwenda wapi?"

Yalikwenda loji. Kila Ijumaa mtu wa pikipiki alipita na trei, akakusanya mayai ya nyumba zote na kuyapeleka kwenye hoteli za watalii Karatu mjini. Mume wangu mwenyewe alikuwa mpishi kwenye kambi ya wageni Ngorongoro. Asubuhi aliwakaangia wazungu mayai, na huenda mengine yalitoka bandani kwetu. Mimi ambaye ulimi wangu hauna breki nilimjibu nesi kwa neno moja tu: yanauzwa.

Hakunigombeza. Alisema mtoto apate yai, uji wake uwe mzito na uchanganywe na maharage yaliyopondwa. Kisha akaongeza, "Na wewe ule, mama. Bado unanyonyesha." Nyumbani nilifikisha ujumbe wote isipokuwa huo wa mwisho. Niliona aibu kujiombea chakula ukweni.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, kwa sababu wazee wa kwetu walisema mtoto akila mayai atakuwa mwizi. Mama mkwe alizoea kusema nami Kiiraqw, lugha ya pale nyumbani, lakini jambo likiwa zito alihamia Kiswahili kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Afadhali awe mwizi," alisema. "Mwizi anakimbia. Huyu hata kusimama hawezi."

Papo hapo akachomoa uzi mwekundu kwenye pindo la shuka lake, akamkamata tetea wa kahawia, akamfunga mguuni. Nikamwambia, kwa ujuaji wangu, kwamba ingetosha kutenga mayai machache kila wiki. Akaniambia yai likishaingia kwenye trei halijulikani ni la nani, lakini kuku anajulikana. Mtu wa pikipiki alipokuja Ijumaa alioneshwa ule mguu na kuambiwa asiulize tena.

Kila kuku yule alipotaga, mama alichemsha yai, akaliponda, akalichanganya na kiazi, akamlisha mjukuu wake kwa kijiko, bila haraka, hata kama mahindi yalikuwa yanasubiri palizi. Siku ambayo hakutaga, alimsema kuku huyo mpaka majirani wakacheka. Nilimpenda mama huyu, na nilimwonea wivu pia, maana mimi mzazi nilikuwa na kadi mkononi na sikuona alichokiona yeye.

Kisha kideri, ugonjwa wa kuku, kikapita kijijini. Kilituachia kuku watatu: wawili wanaatamia, na mwenye uzi. Wiki hiyohiyo baba yangu mzazi akatuma salamu kuwa anakuja kututembelea, mara ya kwanza tangu niolewe. Mume wangu akapiga simu kutoka Ngorongoro. "Mama, mchinjeni yule wa kahawia. Mkwe wangu hawezi kula maharage nyumbani kwangu."

"Yule si wangu wala si wako," mama akamjibu. "Mwenyewe amelala. Akiamka nitamuuliza." Akakata simu.

Baba akaandaliwa ugali, maharage na maziwa ya mgando. Mama akamnawisha mikono, akamwambia wazi: "Mkwe, kuku yupo, umemwona pale mlangoni. Lakini ni wa mjukuu wako, na mimi siwezi kumwibia mtoto." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilimkasirikia kweli. Baba alikula, akamaliza. Binti yangu akatambaa hadi babu yake alipoketi, akashika goti lake, akajivuta juu, akasimama. Baba akamtazama yeye, akamtazama kuku. Halafu akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaaga.

Siku ya mnada jirani yetu akatuletea kuku aliyetumwa na baba, mweusi, amefungwa kamba ya katani mguuni. Nilimpigia kumshukuru, nikaweka sauti ya nje ili mama naye asikie.

"Mjukuu wangu ana wake," baba alisema. "Huyo ni wa binti yangu. Nimeona mabega yake yalivyokonda."

Simu ilipokatika mama alinigeukia. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili, "Nesi alisema nini juu yako?"

Nikamwambia. Hakunilaumu. Alijilaumu yeye, nami niliumia zaidi kuliko kama angenitukana. Alisema alikuwa anamtazama mtoto tu, na mimi nanyonywa mbele ya macho yake mpaka nimebaki mifupa. Akaifungua ile kamba ya baba, akasema baba hajui kufunga kuku, akachomoa uzi mwingine kwenye shuka lake.

Kuku mweusi alitaga siku ya tatu. Mama alinimenyea yai, akalitia chumvi, akanikabidhi mkononi, akasimama palepale asiondoke. Nililitia mdomoni nikaanza kulia, mdomo umejaa.

"Meza kwanza," alisema. "Utalia baadaye."