Siku Boti Ilipoondoka na Baba Mkwe

Kuna aibu unazoweza kuzifunika, na kuna aibu ambazo nusu ya mji wa Babati imezishuhudia ikiwa imesimama ukingoni mwa ziwa na simu mkononi, na yangu ni ya aina hiyo ya pili, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kuliko mkasikie kwa wanakwaya.

Ilikuwa likizo ya Krismasi. Binamu yangu Elibariki ana boti pale ziwani, anatembeza wageni kuangalia viboko, na si boti ya mchezo, ina chumba cha mbao chenye vitanda viwili, jiko la gesi na hata choo (cha ndoo, lakini choo). Yeye alikuwa anapanda Mbulu kula sikukuu kwao, akataka mtu wa kulala humo watu wasije wakang'oa injini, na mimi, mwalimu niliyekwisha kufunga shule, nikajitolea kabla hajamaliza kusema. Binti yetu Glory anaogopa viboko, tukamwacha kwa shangazi yake kule Singe, mimi na Mama Glory tukahamia majini.

Siku za kwanza zilikuwa tamu jamani. Asubuhi unakunywa chai miguu inaning'inia nje, jioni viboko wanakoroma mpaka unahisi kitanda kinawajibu, na mimi kazi yangu ikawa kupiga picha na kuwarushia walimu wenzangu waliobaki na vumbi lao. Mama Glory aliniambia nipunguze. Sikupunguza, na picha moja ikazunguka ikamfikia baba mkwe kule Dareda.

Baba mkwe ni mzee wa kanisa, mkulima wa mahindi na maharage, mtu wa maneno machache, na tangu nimuoe binti yake sijawahi kujua kama ananikubali au ananivumilia tu. Alimpigia simu Mama Glory kuuliza kama tumefukuzwa nyumba yetu ya Bagara, kisha akasema anakuja kuona mwenyewe siku ya pili ya Krismasi.

Akaja kwa bajaji, amevaa koti lake zito la huko kwao juu, na mapajani amempakata mbuzi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanikabidhi mbuzi. Sasa mbuzi huyo hakuwa na kamba, na zawadi ya mkwe huwezi kuiacha ikimbie mbele ya macho yake. Boti ilifungwa kwa kamba mbili, ya mbele kwenye mti na ya nyuma kwenye kigingi, nami nikaona moja inatosha, nikafungua ile ya nyuma nikamfungia mbuzi. Basi, kosa ni hapo tu. Mama Glory aliniuliza kama nina hakika, nikamjibu kwamba boti si mbuzi, haiwezi kutoroka.

Tukala pilau. Nilikuwa namwongezea mzee mchuzi kwa heshima zote, mkono ukateleza, bakuli lote likaishia mapajani mwangu. Suruali nyingine ilikuwa Bagara (nani anahamia botini na suruali tatu?), ikabidi nijifunge khanga ya mke wangu, mbele ya mkwe, aibu ya kwanza hiyo. Mzee akajifanya haoni, akajilaza kitandani, akasinzia. Mama Glory akashuka ukingoni kufua suruali na kuianika kichakani.

Upepo ukaja. Nikahisi boti inageuka, nikadhani ni kiboko anapita, nilipochungulia nikaona nchi kavu inaondoka. Ile kamba ya mbele nilikuwa nimeifunga mwenyewe asubuhi kwa fundo la gunia la mahindi, na gunia na boti ni vitu viwili tofauti. Nikakimbilia injini, nikajipapasa kutafuta ufunguo, ndipo nikakumbuka uko mfukoni mwa suruali, kichakani. Nikashika kasia, boti ikazunguka tu. Na ukingoni ilikuwa imefika kwaya ya vijana kutembea, wamevaa sare, wanatupungia mikono.

Mzee akaamka, akatoka, akaona maji kushoto na kulia, akatabasamu.

"Kumbe mlipanga kunitembeza," akasema.

Nikasema ndiyo, Baba. Mungu anisamehe. Akakaa, akanieleza kwamba miaka yote amepita kando ya ziwa hili akienda mnadani na hajawahi kuligusa, akawapungia wanakwaya, akanionyesha viboko kwenye matete, nami nikaanza kuamini nimeokoka, mpaka sauti ya mke wangu ilipopita juu ya maji.

"Baba Glory, ufunguo uko kwenye suruali yako huku!"

Na akaiinua ile suruali juu kabisa ili nisikosee. Kwaya nzima ikaangua kicheko. Mzee akanitazama, akaitazama khanga (imeandikwa NIMETULIA KWANGU MNASEMAJE), akaitazama injini.

"Kwa hiyo hatuendi," akasema taratibu.

"Hapana, Baba. Tunapelekwa."

Na tulikuwa tunapelekwa moja kwa moja kwenye matete ya viboko. Jike mmoja mwenye mtoto akainua kichwa akatukazia macho, na hapo sikuwaza tena khanga, niliwaza nitamwambia nini Mama Glory kuhusu baba yake. Wavuvi wawili wakatokea na mtumbwi, wakatuashiria tunyamaze, wakaiokota kamba iliyokuwa inaburutika majini, wakatuvuta polepole mpaka ufukoni. Lakini wakatupeleka pasipo na tope jingi, yaani pale pale walipo wanakwaya.

Nikasita kushuka. Mzee akavua koti, akanivisha, likanifika magotini.

"Shuka, mwanangu," akasema (siku zote huniita Mwalimu). "Wakitucheka, watucheke wote wawili."

Tukashuka tumeshikana mikono, wakacheka, naye akacheka kuliko wote.

Elibariki aliporudi nilimkabidhi boti yake bila hata kusubiri chai, na nimeapa Krismasi zangu zote zilizobaki nitazila mlimani Dareda, ambako maji yanakaa kwenye ndoo. Shida ni mzee. Kila baada ya ibada anawasimulia watu jinsi alivyoingia katikati ya viboko na mkwewe, khanga haitaji hata siku moja, na sasa anauliza tunarudi lini. Nimemwambia Mama Glory safari hiyo aende na baba yake. Mimi nitakuwa ukingoni, nimevaa suruali, nawapungia.