Goti la Mchinjaji

Kaka yangu Idrisi ni mtu wa kuambiwa jambo mara tatu na bado akafanya lake. Nasema hivi nikiwa na hasira naye, sijifichi. Mimi Rahema ndiye mdogo wake pekee aliyebaki, nauza nguo za watoto hapa sokoni Meru, na mtu yeyote wa mtaa wetu wa Mjini atakwambia mdomo wangu hauna breki. Lakini hasira hii si ya mdomoni. Imekaa kifuani, na siku hizi nikimwona anatembea vizuri ndipo inaponipanda.

Alikuwa mchinjaji wa slota, ndivyo tunavyokiita kichinjio, kwa miaka thelathini na nne. Kwetu hapa Mkristo na Mwislamu wananunua nyama bucha moja, kwa hivyo anayeshika kisu sharti awe Mwislamu. Kila siku tangu alfajiri, Idrisi alikuwa juu ya saruji yenye maji ya baridi, amepiga goti la kulia kando ya shingo ya ng'ombe. Bismillahi, anakata, anainuka, analetewa mwingine. Goti hilo la kulia ndilo lililokufa. Mwisho alikuwa anashuka kitandani kwa kushika ukuta, na msikitini anasali kwenye kiti.

Mkewe, Mashavu, ndiye aliyemkokota hospitali. Nami nilikwenda, maana nilijua Idrisi akiachwa na daktari peke yake atarudi na hadithi. Daktari Kaberia akatuwekea picha ya eksirei mbele ya taa.

"Mzee Idrisi, hapa kati palikuwa na gegedu laini. Limekwisha lote. Mfupa unasaga mfupa. Hizi dawa za maumivu unazomeza zitakumaliza figo bure. Tutoe sehemu zilizoharibika, tuweke za chuma na plastiki."

"Daktari," Idrisi akasema, "mimi nimefungua magoti maisha yangu yote. Sijaona hata moja lililofungwa tena likatembea."

"Hao wako walikuwa wamekwisha kufa, mzee."

Tulicheka, hata Idrisi. Kisha daktari akaacha kucheka, akauliza nyumbani kuna nani. Wiki sita za kwanza, alisema, mtu huyu hawezi kuachwa peke yake. Ataamshwa, atapelekwa chooni, atakunjwa goti hata akilia, la sivyo litakauka na kugoma.

"Nipo mimi," Mashavu akasema.

Alikuwepo yeye tu. Hawakujaliwa mtoto, na mimi nina duka na wajukuu. Tulipotoka nje Mashavu alinishika mkono, akanirudisha nyuma kidogo ili kaka yangu asisikie. Aliniambia, "Wifi, nataka afanyiwe sasa, nikiwa bado naweza kumwinua. Presha yangu naijua. Kuna siku naamka miguu haina nguvu hata ya kunibeba mwenyewe."

Tarehe ikawa ya Aprili. Mashavu akajitayarisha utadhani anapokea bibi harusi. Kitanda akakihamishia sebuleni ili mgonjwa asizunguke. Mikeka yote akaikunja, isije ikamtelezesha. Choo chao ni cha kuchuchumaa, kwa hivyo alimwita fundi Kiogora amtengenezee kiti cha mbao chenye tundu, akamrudisha mara mbili kwa sababu miguu ya kiti ilikuwa mifupi. Mara ya pili Kiogora akamuuliza, "Mama, huyu mzee ana urefu gani?" Mashavu akamwonyesha kwa mkono pajani pake mwenyewe mahali goti la mumewe linapofika, bila kufikiri. Alikuwa na kipimo chake mwilini.

Aprili ilipofika, Idrisi akasema Ramadhani i karibu, atafungaje akiwa na mshono. Haya, tukangoja. Ramadhani ikaisha, akasema ngojeni Idi ya kuchinja ipite, watu wote wanamtegemea. Ikapita. Daktari akatoa tarehe nyingine, ya Oktoba. Wiki moja kabla, Idrisi akaja dukani kwangu akichechemea, akakaa kwenye gunia la nguo.

"Nitangoja baada ya Krismasi," akasema.

"Krismasi? Wewe Mwislamu wa wapi unayeahirisha goti kwa ajili ya Krismasi?"

"Desemba ndipo Wameru wanapokula mbuzi, Rahema. Slota inafurika. Yule kijana wanayetaka kumweka badala yangu hana mkono, anamtesa mnyama. Ni miezi miwili tu. Zungumza na Mashavu, wewe anakusikiliza."

Sasa nitasema lile ambalo sikumwambia mtu. Nilikwenda kuzungumza na Mashavu. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, nilimwambia, "Mwache, wifi. Miezi miwili ni nini?" Mashavu alikuwa anachambua mchele. Hakubishana. Alisema tu, "Sawa, kama hata wewe umeona hivyo," akaendelea na mchele wake. Nilirudi dukani nikijiona mpatanishi.

Mashavu hakufika Krismasi.

Ilikuwa tarehe ishirini Desemba, asubuhi, Idrisi akiwa kazini. Jirani alimkuta ameanguka jikoni, upande mmoja umelegea, hasemi. Alifika hospitali akipumua, na kabla ya adhuhuri alikuwa ametangulia. Idrisi aliletwa kutoka slota na nguo zake za kazi. Hakulia. Aliuliza kama kuna mtu amezima jiko.

Sisi wanawake hatuendi makaburini, kwa hivyo yaliyotokea huko niliyapata kwa mwanangu, Mbarak. Kwetu mwanamke akiteremshwa kaburini, mumewe ndiye mwenye haki ya kwanza kushuka kumpokea. Shimo lilikuwa limechimbwa vizuri, lina ukingo wa kukanyaga nusu ya kina, kisha chini kabisa kwenye mwanandani, pale anapolazwa maiti. Jeneza likawekwa kando, watu wakamngoja Idrisi.

Alivua viatu. Akaketi juu, mdomoni mwa kaburi, akateremsha mguu wa kushoto ukakanyaga ule ukingo. Alipojaribu kuuleta wa kulia, goti likakataa. Akalisukuma kwa mikono miwili. Likakataa. Mbarak anasema uso wa mjomba wake ulikuwa umejaa jasho licha ya baridi yote ile ya Meru. Imamu akamwambia taratibu, "Mzee, hapana ubaya, watashuka ndugu zake."

"Ni mke wangu," Idrisi akasema. "Nipeni dakika."

Wakampa. Wakampa na nyingine. Mwisho Mbarak na kaka wa marehemu wakamshika makwapa, wakamtoa, wakamkalisha juu ya udongo uliochimbwa. Wao wawili ndio walioshuka. Mbarak, ambaye marehemu alikuwa mke wa mjomba wake na alimheshimu kama mama, ndiye aliyemlaza kwa ubavu wa kulia na kufungua kamba za sanda. Idrisi aliyaangalia hayo akiwa amekaa, mguu mmoja umenyooka mbele yake.

Machi Idrisi alikwenda kufanyiwa upasuaji, bila kubembelezwa na mtu. Duka nilimwachia binti yangu, nikahamia kwake wiki sita. Kiti cha Kiogora kilimtosha barabara. Goti nililikunja kila asubuhi na jioni, na hakulia hata mara moja, jambo ambalo daktari alilisifu na mimi likanitia woga. Kidonda kikafunga. Akaacha fremu ya kutembelea, akashika fimbo, akaacha fimbo. Daktari Kaberia alimwambia ana goti la mtu wa miaka arobaini.

Jana nilipita kwake na chapati. Nilimkuta nje, kwenye ngazi za baraza, anafanya yale mazoezi aliyopewa: anashuka, anapanda, anashuka. Hakushika ukuta. Nikakaa nikamtazama, nikajisemea labda leo nitamwambia yale ya Oktoba, kwamba nami nimo kwenye kosa hili.

Akasimama chini kabisa, ananipa mgongo.

"Zilikuwa hatua mbili, Rahema," akasema. "Nimezihesabu. Ukingoni, halafu chini. Mbili tu."

Akageuka, akapanda, akashuka tena. Chapati zilipoa mkononi mwangu, na yale ya Oktoba nikarudi nayo nyumbani.