Kutu Iliyokula Landrova ya Baba

Wiki iliyopita, kwenye gereji moja pale Chuno, nilimwona fundi akipaka rangi nyeusi chini ya Landrova kuukuu. Harufu ile ilinirudisha uani kwetu, mchana mmoja nilipokuwa binti mdogo.

Landrova ya baba ilikuwa imebeba samaki na chumvi kutoka pwani kwa miaka mingi. Fundi alilala chini yake akaigonga chasisi kwa nyundo, na nyundo ikazama. Maganda mekundu yakamwangukia kifuani.

"Mzee, imeliwa na kutu. Usipakie mzigo mpaka tuichomelee vyuma vipya."

"Msimu wa korosho haunisubiri," baba alijibu. "Wewe paka rangi tu."

Mimi nilidhani kutu ni mdudu. Fundi alipoondoka nilitega sikio kwenye chuma nimsikie akitafuna. Kulikuwa kimya, rangi inang'aa, nami nikaamini mdudu amekufa. Sasa najua kwamba rangi ilimficha tu.

Kesho yake baba alikwenda Nanyamba na mjomba Saidi, kaka yake mama. Wakati wa kurudi mjomba alikaa nyuma, juu ya magunia ya korosho. Kwenye mteremko chasisi ikakatika katikati, gari likapinduka.

Jioni watu wa lori walimleta baba nyumbani, shati limejaa vumbi na damu. Mama alitoka jikoni mbio.

"Baba Zuhura, kaka yangu yuko wapi?"

Baba alikaa chini palepale mlangoni, akafunika uso kwa mikono. Nilikimbia kumletea maji, nikidhani amechoka.