Mama Pasi Aomba Kujua Sababu

Kwa miaka kumi na tisa alipiga pasi mashati ya wageni katika hoteli moja, hata wenzake wakaacha jina lake wakamwita Mama Pasi. Jumatatu moja akakuta tangazo ukutani: amehamishiwa stoo ya sabuni. Hakuna aliyemwambia kwa nini. Meneja alikuwa mgeni, mwezi wa pili tu kazini, na Kiswahili chake kiliishia kwenye "habari".

Siku tatu Mama Pasi hakutulia. Alipanga madumu ya sabuni, akayapangua, akayapanga tena. Nyumbani aliacha vyombo na povu lake, akaenda kwa binti wa kaka yake, mwalimu wa Kiingereza.

"Nataka kumuuliza bosi kwa nini. Nifundishe."

"Shangazi, kaa kwanza."

"Nitakaa nikishajua."

Binti akacheka. "'Why?' ndiyo 'kwa nini', lakini ukimtupia bosi hivyo hivyo, kavu, ni kama unamkaripia. 'How come?' ni ya mashoga mkipiga soga: ehe, imekuwaje tena? Ofisini sema, 'May I ask the reason?' Yaani, naomba kujua sababu."

Kesho yake alitembea njia nzima akiyatafuna maneno hayo mdomoni. Alipofika mbele ya meza ya meneja, yote yakamruka. Likachomoka lile la mashoga:

"How come?"

Meneja akainua kichwa, ameduwaa. Mama Pasi akajigusa kifua. "Mimi. Stoo."

Meneja akaelewa. Akaeleza polepole, kwa Kiingereza cha kumsaidia: shati la mgeni liliungua, tarehe nane.

Mama Pasi akapiga hesabu vidoleni. Tarehe nane alikuwa likizo, bintiye wa kumzaa amejifungua. Akalitaja neno "likizo" kwa Kiingereza, akaelekeza kidole kwenye kabati la mafaili. Meneja akapekua. Fomu ilikuwapo, na sahihi chini yake ilikuwa ya meneja mwenyewe.

Hapo ndipo maneno ya adabu yalipomrudia.

"May I ask the reason," alisema, "you not ask me?"

Kiingereza hakikunyooka, lakini kilifika. Masikio ya meneja yakawa mekundu. Akasimama, akaomba radhi, na mchana ule ule Mama Pasi akawa amerudi kwenye pasi zake.

Habari zikaenea. Mpishi, ambaye zamu yake ilibadilishwa mara tatu bila maelezo, akamfuata. "Mama, hebu nipe hayo maneno ya kistaarabu."

Akampa, akamkaririsha mara nne, kisha akashindwa kuendelea na kazi. Akasimama koridoni akisugua viganja mpaka mpishi alipotoka ofisini kwa meneja.

"Amekujibu?"

"Amenijibu. Sababu ipo, ila ni ya kipuuzi."

"Basi rudi," Mama Pasi akamwambia. "Kamuulize na sababu ya hiyo."