Jino la Mpiga Zumari

Ngamiani nzima walimjua Idarusi kwa mambo mawili. Siku za kazi alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha kamba za katani. Siku za harusi alikuwa mpiga zumari. Na hilo la pili ndilo lililompa kichwa. "Harusi nisiyopuliza miye," alikuwa akisema, tena mbele za watu, "hiyo si harusi, ni hitima."

Lakini alikuwa na la tatu pia, nalo hakuna aliyelisema kwa kuwa kila mtu wa rika lake alikuwa nalo: katika maisha yake hakuwahi kutoka kwenye foleni kabla ya zamu yake. Ile miaka ya shida, ukiona watu wamejipanga unajipanga, kisha ndipo unauliza kinachouzwa. Mara moja Idarusi alisimama tangu alfajiri, kufika dirishani akapewa mabuti ya mpira, yote ya mguu wa kushoto. Ayaache? Subutu! Aliyabeba mpaka nyumbani. Dawa ya meno wakati huo ilikuja kwa magendo kutoka Mombasa, na asiyekuwa na ndugu wa magendo alisugua kwa mkaa na chumvi akamshukuru Mungu.

Basi ikaja ruksa ya kila mtu kuleta bidhaa na kuuza. Maduka ya Ngamiani yakajaa dawa za meno za kila rangi, na kiwanda, ambacho kilikuwa mali ya umma, kikatangazwa kuuzwa. Mwezi wa Desemba tangazo likabandikwa getini: mnunuzi anaingia mwaka mpya, na haki ya kila mfanyakazi kutibiwa meno mara moja kwa mwaka inakoma mwaka ukiisha. Ambaye hajaitumia, shauri yake.

Lahaula! Watu wazima na akili zao wakapanga foleni kwenye zahanati ya kiwanda, wang'olewe meno. Kwao tiba ya jino ilikuwa koleo, hapana nyingine. Mwenye jino bovu aling'oa, na mwenye meno mazima akatafuta la kulisingizia. Safari, kijana aliyekuwa akimpokea Idarusi zumari pumzi zikimwishia, aling'oa jino la mbele la juu ambalo kosa lake lilikuwa ufa mdogo tu. Akazunguka karakana nzima akionyesha pengo. "Haki haiachwi, mwalimu!" alimwambia Idarusi.

Idarusi naye alikuwa na jino, na lake lilikuwa bovu kweli: la mbele, la juu, lina tundu, akinywa maji ya baridi anaruka. Na Jumamosi ya kwanza ya mwaka mpya ilikuwa harusi ya Semeni, bintiye wa pekee. Idarusi alikwisha apa mbele ya wakwe kwamba biharusi hatatolewa kwa zumari ya kukodi; atamtoa yeye baba mtu, kwa pumzi yake, toka mlangoni kwake mpaka mlangoni kwa mume.

"Baba Semeni," mkewe Zuwena alimwambia usiku akimwona ameshika shavu, "hilo jino la mbele. Ukiling'oa utapulizaje?"

"Zumari hupulizwa kwa kifua, Mama Semeni. Meno ni ya kulia nyama."

"Na ukikosea?"

"Miye? Nikosee zumari?" Akacheka, akajigeuza ukutani.

Asubuhi yuko kwenye foleni, wa tatu kutoka mlangoni, cheti cha matibabu mkononi, na Safari kando yake akimpa moyo. Mara Zuwena huyo, anakuja mbio mbio, kitu amekificha ndani ya kanga. Hakumsemesha mumewe. Alimwendea Safari, akatoa zumari.

"Shemeji, hebu nipigie ile ya kumtolea biharusi."

Safari hakujivunga, akaweka zumari mdomoni. Ikatoka fyuuu! Upepo wote ulipitia pengoni, mdomo wa juu hauna pa kuegemea. Foleni ikaangua kicheko. Akajaribu tena, kidole ameshindilia mdomo. Ikalia mlio wa mlango mbovu. Watu wakazidi kucheka. Mara ya tatu hakumaliza. Aliishusha zumari, macho yamemjaa maji.

"Mwalimu," alisema, "kumbe nimejiua."

Hapo hakucheka mtu. Idarusi aliogopa, aliogopa hasa. Akilini alimwona Semeni amesimama mlangoni na mapambo yake, wakwe wanangoja, na yeye babaye kajaa upepo mdomoni.

"Mzee Idarusi, sogea, zamu yako hiyo!" akaitwa kutoka nyuma.

Idarusi alitoka kwenye foleni.

"Ala! Unaacha foleni?"

"Naiacha," alisema.

Zuwena alimshika mkono, akampeleka moja kwa moja hadi Chumbageni, kwa Daktari Sarrah wa meno, mjukuu wa Batulbai mwenye duka la vitambaa pale mtaani kwao. Kiwanda kilikuwa na mapatano na kliniki yake tangu mwanzo wa mwaka, lakini wafanyakazi walipopita nje hawakuona watu wamejipanga, wakajua hakuna kitu.

"Shikamoo mzee Idarusi."

"Marahaba, mwanangu."

Alimchungulia kinywani, akagonga jino taratibu. "Nani kakwambia hili ni la kung'oa?"

"Foleni," alijibu Idarusi.

Daktari alicheka hadi akavua miwani. "Hili linazibika, mzee wangu. Cheti chako ni cha matibabu ya meno, na kuziba nako ni matibabu. Leo nalisafisha, keshokutwa urudi nilizibe. Ukichelewa, mwaka umeisha na haki yako imekwenda."

Ile sindano ya ganzi ilipokwisha kuingia, majivuno ya Idarusi yakamrudia. "Ziba, mwanangu, lakini ziba la kupigia zumari!"

"Nitaziba. Nawe usugue meno kila usiku kabla ya kulala, kashata upunguze, na tambuu basi."

"Tambuu?" Alimtazama mkewe kama aliyeambiwa auze nyumba.

"Amekubali, daktari," alisema Zuwena.

Jumamosi ile, Semeni alipotokeza mlangoni, Idarusi alikaza mdomo juu ya jino lake akapuliza. Zumari ililia mtaa mzima ukatoka nje. Wanawake wakapiga vigelegele, na Semeni akalia akaharibu wanja. Safari alikuwa nyuma, amepewa ngoma ya vumi, na aliipiga vizuri.

Kiwanda hakikudumu kwa yule mnunuzi. Mashine zikang'olewa, zikauzwa vyuma chakavu. Jioni barazani, wenzake wa zamani, wengi wao vibogoyo sasa, hulaumu kwamba kiwanda hakikuwaachia hata kijiko. Idarusi husikiliza, kisha huinua mdomo wa juu kwa kidole akawaonyesha jino lake.

Mwaka Semeni alipomwoza bintiye, watu walimshauri mzee apumzike, akodiwe kijana. Akamwita Safari achukue vumi, akaenda kusimama mlangoni, akamtoa mjukuu wake kwa jino lile lile.