Alichotuachia Mama Kwenye Friza

Nakumbuka siku moja, mwanangu, shangazi yangu Zuhura aliketi jikoni kwetu Majengo, mjini Meru, akasema waziwazi kwamba niache shule kwa muda niwapikie watu wa nyumbani. Nilikuwa kidato cha pili. Nilisimama pale na kikombe cha chai mkononi nikimngoja Baba ajibu, na chai ikapoa. Nakueleza haya kwa sababu jana ulinipigia simu ukilalamika kwamba friza yako imejaa maharagwe uliyoyachemsha mwenyewe, na papo hapo nikasikia kijana wa chipsi akikubishia mlango. Nilicheka, lakini sikucheka sana.

Mama, mzaliwa wa Kiritiri, alikuwa amekwenda kwao kumuuguza nyanya aliyevunjika nyonga, na hakuna aliyejua angerudi lini. Nyumbani tulibaki Baba, mimi, na wadogo zangu wawili ambao hata kukoroga uji hawakujua. Shangazi aliona jambo lenyewe ni rahisi: msichana yupo, jiko lipo, masomo yatangoja. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alitolewa shuleni kwa namna hiyo hiyo, na hakuona la ajabu. Baba alifikiri kidogo, akasema tusubiri hadi mapumziko ya katikati ya muhula. Watoto wakiwa wanakula chakula cha maana, nitaendelea na shule. Wakiwa wanashindia mandazi, basi neno la shangazi litapita.

Nyumbani nako kulikuwa na friza. Ilifikaje kwetu, maana enzi hizo haikuwa kitu cha kila nyumba? Baba alikuwa na bucha, akainunua kwa ajili ya kazi. Wateja walipoiona wakahamia kwa jirani, kwa kuwa nyama kwao ni ile iliyochinjwa asubuhi na inaning'inia mbele ya macho yao. Ikabidi ailete nyumbani. Mama alifurahi mno. Kabla ya kusafiri alichemsha mahindi na maharagwe, akakaanga nyama ya mbuzi, akafunga kila kitu kwenye mifuko midogo na kuijaza friza hadi juu. Alifanya yote hayo huku roho yake iko Kiritiri kwa mamake.

Nilianza kwa mbwembwe, wacha nikuambie ukweli. Nilipanga mapishi ya mwezi mzima, Jumatatu hiki, Jumanne kile, Ijumaa pilau, nikajiona mama mwenye nyumba kamili. Lakini unarudi kutoka shule umechoka, mfuko umeganda kama jiwe, makaa hayajawashwa, na watoto wanakufuata nyuma wakiuliza tutakula nini. Nikamtuma mmoja mandazi. Kesho yake tena. Baba naye, ambaye aliapa kwamba nyama ya friza si nyama, alileta kipande kipya kila jioni. Sikuwa na nguvu ya kukipika, kwa hiyo nilikitupa juu ya vile vya Mama na kufunga kifuniko. Ile mipango yangu mikubwa nikaacha hata kuitaja. Mapumziko yalikuwa yanakaribia, na nilijua vizuri ninakoelekea. Niliogopa, mwanangu.

Aliyenishtua ni Mama Kagwiria, mkulima wa Githongo aliyeuza minji, yaani njegere, na maharagwe sokoni Gakoromone. Soko likilala, alikuwa akituachia mzigo uliobaki asiubebe kurudi nao. Jumamosi moja aliomba nimwekee minji yake kwenye friza. Akainua kifuniko, akapenyeza mfuko wake, akasukuma kwa mikono miwili, kifuniko kikakataa. Akageuka akanitazama.

"Mariamu, hii ni ghala ama ni kaburi?"

Nikamweleza habari za shule, uchovu, shangazi, kila kitu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniagiza nitandike gunia safi sakafuni.

"Sisi kwetu mtu haweki mahindi mpya juu ya ile ya zamani," akasema. "Unatoa ya zamani kwanza, unakula hiyo, hata kama mpya iko hapo inanukia. Mama yako alipika hii yote kwa sababu yenu. Wewe unaifunika tu."

Hayo ya mwisho yaliniuma. Nilikuwa nimeichukulia ile mifuko kama kazi iliyonisubiri, kumbe ilikuwa kazi ambayo mtu alikwisha kunifanyia.

Tukatoa kila kitu, tukarudisha nyama mbichi chini na vya Mama juu, na upesi, visiyeyuke. Alinifundisha akiwa ameinama hivyo hivyo. Alisema niache habari ya mwezi mzima, nipange kesho na kesho kutwa tu. Alisema niamue asubuhi nikiwa nimekunywa chai, kwa sababu mtu mwenye njaa huchagua mandazi kila mara. Na siku nikilemewa kabisa, tule mandazi kwa raha zetu, bila kununa, halafu kesho yake nirudi kwenye friza kana kwamba hakuna lililoharibika. Hilo nililipenda sana. Kilichokuwa kinaniangusha si uvivu. Nilikuwa nikikosa siku moja, najiona nimeshindwa kabisa, basi naacha yote.

Ikabaki Baba. Jioni hiyo nilimwomba asilete nyama mpaka friza ipungue. Akaniuliza kama nataka mji mzima usikie kwamba mwenye bucha anakula nyama iliyoganda. Nilikuwa sijawahi kumjibu Baba, lakini siku hiyo nilijibu.

"Baba, hiyo nyama alipika Mama. Usipoila wewe, nani ataila?"

Kesho yake alirudi mikono mitupu.

Tukaendelea hivyo. Sikuwa mpishi hodari. Kuna githeri moja ya mahindi na maharagwe tuliyoila kwa heshima tu. Mara mbili tatu tulikula mandazi, na sikulia. Siku tulipofunga shule kwa mapumziko, Shangazi Zuhura alikuja jioni bila taarifa, akanikuta ndiyo kwanza naingia kutoka shule na begi bado begani. Akamtazama Baba kama mtu aliyekwisha kushinda. Nikawasha jiko, nikamimina maharagwe na mahindi niliyoyatoa asubuhi, na pembeni nikachemsha ile mbuzi ya Mama hadi mchuzi ukatokota. Kabla ya Maghrib sote tulikuwa tumezunguka sinia.

Shangazi alionja, akauliza nani amepika wakati mimi nilikuwa darasani. Nikamwambia ni Mama. Akainuka akaenda kufungua friza, akaiona imebaki nusu na imepangwa. Alirudi akakaa. Baba alikuwa anaongeza mchuzi, nyama ya friza, mbele ya dadake, wala hakuona haya.

"Mwache asome," Baba akamwambia. "Hapa tunakula."

Mama alirejea nyanya alipoanza kutembea na mkongojo. Jambo la kwanza alilofanya, hata kabla ya kuvua buibui, ni kuinua kile kifuniko. Chake chote kilikuwa kimekwisha. Alishika ukingo wa friza akalia, akaniambia kwamba kule Kiritiri kila jioni alijiuliza kama tumekula.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Anza na cha zamani. Amua asubuhi, ukitoe, ukiweke sehemu ya chini ya friji kiyeyuke taratibu wakati uko kazini. Panga kidogo, na ukikosa siku moja usijifukuze jikoni mwako. Yale maharagwe yako yalichemshwa na mtu aliyesimama jikoni siku yake ya mapumziko akikuwazia wewe wa leo, mwenye uchovu. Mtu huyo ni wewe mwenyewe. Usimwangushe.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako na jiko lako, akupe jioni nyingi za kurudi nyumbani ukijua utakula nini, na siku ukiwa mbali, akupe watu watakaomaliza ulichowaachia.